Manjano yamekauka, masika yameingia, bado kimya: nisubiri au nifukue?

"Assalam alaykum mtaalamu. Mie nipo Fuoni, Unguja. Masika ya mwaka jana mama yangu aliniletea mbegu kutoka Wete, matunguu ya manjano, tangawizi na vichwa viwili vya kiazi kikuu, nikapanda nyuma ya nyumba na vyote vikakubali vizuri sana. Kufika Januari majani yakaanza kugeuka rangi, Februari yakaanguka yote, saa hizi pale chini pamebaki patupu hata huwezi kujua kuwa palipandwa kitu. Mvua zimeanza mwisho wa Machi, sasa tupo katikati ya Aprili, tangawizi zimetoa chipukizi mbili upande mmoja tu, manjano hata moja. Mwasumini wangu upo pembeni pale pale, nao umepukutisha majani yote, matawi makavu. Mume wangu tangu Februari kila jioni anatia ndoo mbili za maji ya kisima. Jirani ananambia vyote vishakufa nifukue nitie mchicha. Halafu nimeona video ya mzungu mmoja anasema mimea ya aina hii usiifukue, isubiri tu itarudi yenyewe, mengine huchelewa mpaka mwezi wa sita. Nimsikilize nani? Na haya maji ya mume wangu yanasaidia au yanaharibu?"

Wa alaykum salam dada yangu, na mama wa Wete mfikishie salamu, mana mbegu iliyokubali yote mara ya kwanza si haba.

Kwanza nikwambie nnavyoliona swali lako. Umeleta mimea minne lakini ndani yake mna mambo mawili yaliyochanganyika. Manjano, tangawizi na kiazi kikuu ni mimea ambayo kila mwaka inakufa juu inabaki hai chini, hiyo ndo tabia yake, na ukimya wake wa Februari wala usikutishe. Mwasumini sio wa kundi hilo hata kidogo. Mwasumini haulali, ukiuona mtupu masika haya jua una shida, na shida yenyewe yaweza kuwa imo ndani ya zile ndoo mbili, ntafika huko. Jibu fupi kwa anaetaka kukimbilia jikoni: usifukue lote, usikae ukasubiri mpaka mwezi wa sita, chungulia kona moja wiki hii, na maji ya jioni yasimame leo.

Sasa tuanze na Januari, mana hapo ndo watu wengi huingiwa na hofu ya bure. Manjano yakipandwa masika yanahitaji kama miezi saba mpaka tisa kumaliza kazi yake, hesabu mwenyewe kutoka Aprili utaangukia kati ya Novemba na Januari. Kipindi chote kile cha masika, kipupwe na vuli yale majani mapana yanatengeneza chakula kwa jua, kingine kinatumika kukuza mmea na kinachobaki kinashushwa chini kwenye tunguu, kinawekwa kama wanga. Ikiingia kaskazi, upepo mkavu, jua kali, mchana nyuzi joto 32 na kupanda, jani linapoteza maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kuvuta, na umri nao ushafika, kwa hiyo mmea hauna tena faida ya kulilisha jani. Unaanza kurudisha vitu vyake. Ile rangi uliyoiona sio ugonjwa, ni mmea unavunja ukijani wa jani, unachukua naitrojini na vyengine vyenye thamani unavipeleka kwenye tunguu, halafu ndo unaliacha jani likauke. Ndo mana huwa nawagombeza wanaokata majani yakiwa bado mabichi eti uwanja upendeze kwa wageni, unakuwa umeunyang'anya mmea akiba yake ya mwaka unaokuja. Wewe uliacha mpaka yakaanguka yenyewe, umefanya sawa hata kama hukukusudia.

Na hata ungeyamwagia maji Januari nzima yangekauka tu, labda yangejikokota wiki kadhaa zaidi. Hili watu hawalipendi kulisikia, wanadhani mmea ukikauka ni kiu na dawa ya kiu ni ndoo.

Halafu kuna la pili ambalo halionekani kwa macho. Tunguu likishabaki peke yake chini, yale macho yake, zile nundu ndogo zenye ncha, yanakuwa yamezuiliwa na homoni za mmea wenyewe, na kwa wiki kadhaa au hata miezi miwili mitatu ukiloweka vipi hayatoki. Kizuizi hicho kinapungua kidogo kidogo kwa kupita muda. Kikishapungua, hapo ndo unyevu na joto la udongo vinapata kazi ya kufanya. Ni kama duka la mtaani mchana wa Ramadhani, mlango umefungwa na mwenyewe yumo ndani, saa tano ukigonga hakufungulii, ikifika magharibi anafungua mwenyewe bila ya kugongewa. Ushahidi unao jikoni kwako, tizama kapu la tangawizi, kuna moja imekaa tu juu ya rafu bila udongo wala tone la maji na ishatoa jicho la kijani, na mwenziwe ulionunua siku ile ile haina habari. Kwa mana hiyo mvua peke yake haiamshi, mvua inamkuta aliyekwisha kuwa tayari.

Kwanini tangawizi zimetoka mbili na upande mmoja? Sababu zipo kadhaa na huenda zote zipo kwako. Tangawizi kwa kawaida hutangulia manjano, hilo moja. Jengine ni ukubwa, tunguu mama, lile nono la katikati, lina akiba kubwa na hutoa chipukizi mapema na zenye nguvu, wakati vile vidole vya pembeni vinavuta miguu. Kisha kina, kama upande mmoja ulifukia vidole vinne vya mkono na upande mwengine ukafukia kiganja kizima basi chipukizi ya huku ina safari ndefu zaidi. Na la mwisho ni maji yenyewe yamefika wapi, hapa nataka usimame kidogo, mana mvua za mwanzo za masika zinadanganya sana. Inanyesha nusu saa ya nguvu, uwanja unajaa madimbwi, watu wanasema leo imenyesha, kumbe juu pameiva matope na chini vidole vitatu vumbi ni lile lile la Februari, hasa kama udongo ulishika ukoko wakati wa jua au kuna paa linalozuia upande mmoja. Sasa toka nje, toboa kwa kijiti au kidole mpaka kifundo cha pili, mahali patatu tofauti. Ukikuta chini pakavu basi manjano yako hayajachelewa, kwao wao masika hayajaanza bado.

Kutoka udongo kuloa sawasawa mpaka chipukizi ya manjano kuchungulia huwa ni wiki tatu mpaka sita. Wewe una wiki mbili au tatu hivi tangu mvua kuanza. Kwa hiyo jirani anakuharakisha.

Lakini na huyo wa kwenye video simpi ushindi. Sio kwamba anasema uongo, anasema kweli ya kwao. Ulaya mimea kama hosta na pioni inalala kwa sababu ya baridi, udongo unaganda, na inaamka pale udongo unapopata joto na mchana unaporefuka, kuanzia Machi mpaka Mei, na kuna hibiskasi moja ya nchi za baridi inasifika kwa kuchelewa mpaka mwisho wa Mei au Juni, kila mwaka watu huko wanaing'oa wakidhani imekufa. Kule London mchana wa Disemba ni saa nane na wa Juni unapita saa kumi na sita. Sisi hapa tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima ni dakika 40 hivi, na usiku wa kipupwe ukijifunika shuka bado ni nyuzi joto 20 na kitu. Kwetu mmea unakimbia ukame, haukimbii baridi. Ndo mana kalenda yake yule haikufai, yeye akisubiri mpaka Juni hapotezi kitu, mbele yake ana kiangazi kizima. Wewe ukisubiri mpaka Juni masika yashakwisha, na manjano yanayotaka miezi saba mpaka tisa umeyaanzisha mkiani mwa mvua. Na ndugu zangu mnaoagiza vitunguu vya maua ya tulipu kwenye intaneti, vile vinahitaji wiki nyingi za baridi kali chini ndo vitoe ua, hapa utapata majani na masikitiko.

Tuje kwenye maji, na mume wako usimgombeze, mtu anaebeba ndoo mbili kila jioni miezi miwili na nusu kwa ajili ya bustani ya mkewe anastahili chai. Ila kazi ile haikuwa na faida. Tunguu lililolala halina jani, na mmea unavuta maji kwa sababu majani yanayapoteza juu, hakuna jani hakuna wa kuvuta. Basi ndoo mbili zinabaki pale pale chini. Kama udongo wako ni wa kichanga zinapita zinakwenda zao, umepoteza nguvu tu. Kama ni kinamo maji yanakaa, udongo unakuwa wa moto na umelowa na hauna hewa ndani, na hali hiyo ndo inayopendwa na vimelea vya kuozesha matunguu, Pithiamu na wenziwe. Tunguu linaanza kuoza kwenye kidonda kidogo, pale lilipovunjwa wakati wa kupanda au lilipoguswa na jembe, halafu linaendelea kwa mwenziwe. Kwa hiyo hofu yangu kwako sio kuchelewa, ni kuoza. Kuchelewa kunasameheka.

Ntakuwa muadilifu, kuna wanaotia maji kidogo mwezi wa tatu makusudi ili manjano yatangulie kabla ya mvua, na inawezekana, kizuizi kikishaisha maji yanayaamsha. Lakini ukishaliamsha umejifunga, mvua ikichelewa ile chipukizi changa inakutegemea wewe kila siku. Mwenye mfereji wa uhakika afanye, wa kisima na ndoo nisingemshauri.

Kuchungulia sasa. Usichukue jembe wala pauro, chukua mkono wako na kijiti, ukipata mwiko mkongwe wa mbao ndo bora zaidi. Anza pembeni ya tuta, sio katikati, na uende kwa upande, sio kwa kushuka kutoka juu, mana chipukizi ya manjano ikiwa bado chini ni nyeupe na laini, ukiigusa tu imekatika, na hilo ndo jicho ulilokuwa ukilisubiri. Fukua polepole mpaka uone gamba la tunguu. Lipapase likiwa hapo hapo. Likiwa gumu, linabana, halibonyei, liko hai. Libinye kwa kidole gumba kwenye kila ncha, mana linaweza kuwa zima upande mmoja na bovu upande wa pili. Vunja kidole kimoja kidogo cha mwisho: ndani manjano yanatakiwa yawe na rangi kali inayokuchafua vidole na harufu yake unaijua, tangawizi iwe ya kimanjano mpauko na ikupige puani. Kisha tafuta macho, yanakaa kwenye mistari ile ya duara inayozunguka tunguu, ncha ndogo nyeupe au za pinki kidogo, zikiwa zimevimba kama punje ya mchele au zaidi basi rudisha udongo taratibu, tandika makuti juu, nenda kapike, mana hapo ni suala la siku tu.

Ukikuta limesinyaa, jepesi, limekunjana ngozi lakini kavu na halinuki, hilo limepoteza maji ila bado lina nafasi kama macho yake hayajakauka. Ukikuta limekuwa rojo, rangi ya kahawia iliyokoza, linatoa maji na linanuka uvundo, limekwisha, litoe lote pamoja na udongo ulioligusa, ulitupe mbali, sio kwenye shimo la mboji wala usiwape kuku. Halafu endelea kuchungulia na jirani yake mpaka ukute zima. Mara nyingi utakuta mchanganyiko, haya mazima na haya mabovu ndani ya kishina kimoja, basi vunja sehemu nzima, acha kidonda kikauke kivulini siku moja au mbili, upake jivu kama unalo, upande upya sehemu nyengine isiyotuama maji, tuta lililoinuka, kina cha vidole vitatu vinne.

Kuna njia ya kujiwekea bima ambayo naipenda na haigharimu kitu. Chukua vipande vichache vizima, kila kimoja kiwe na macho mawili matatu, vilaze kwenye beseni lililotobolewa chini, juu na chini tia usumba uliolowa na kukamuliwa, au makumbi yaliyochambuliwa, weka kivulini mahali panya hawafiki. Nyunyiza tu pakianza kukauka. Kwenye beseni unaona kila kinachotokea bila ya kufukua fukua tuta, na yakichipua unahamishia ardhini mvua ikiwa bado ipo. Kama ya ardhini nayo yatatoka utakuwa na mengi, mgaie jirani.

Tarehe yako ya mwisho mie naiweka wiki ya kwanza ya Mei. Masika yetu kwa kawaida ni Machi mpaka Mei, na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wake kila mwaka kabla ya msimu, ufuatilie ujue masika haya yanategemewa kuisha mapema au yatasogea. Kufika wiki hiyo ya Mei kama udongo umeloa vizuri na hakuna kilichotoka, fukua lote bila huruma, tenga mazima na mabovu, pandisha upya au omba mbegu nyengine. Mvua zilizobaki zitatosha kuishikisha.

Kiazi kikuu nimekiacha nyuma kwa sababu chenyewe kina mambo yake. Hicho hakingoji mvua wala hakikungoji wewe. Muda wake wa kulala ukiisha kinachipua hata kikiwa sakafuni stoo, wakulima wanajua, ndo mana kikikaa sana ghalani unakikuta kimetoa kamba ndefu nyeupe zinatafuta dirisha. Hukuniambia kama ulikichimba. Kama hukukichimba basi kiko chini na sasa hivi pengine kishaanza, na ujue kuwa mmea mpya unakula kiazi kile cha mwaka jana, kinanyonywa mpaka kibaki ganda, na yeye anajitengenezea kingine chini. Kwa hiyo kwa mwaka huu kula ushachelewa kidogo, kiache. Mwakani kamba ikishakauka kabisa chimba, ule kiazi, na ubakishe kichwa, ile sehemu ya juu karibu na shina, ndo mbegu. Mpatie na mti wa kupandia mapema, hii mimea ikikosa pa kupanda inagaagaa chini na kiazi kinakuwa kidogo.

Nikutahadharishe kitu hapa hapa. Ukifukua ukakutana na tunguu au kiazi ambacho hukukipanda na hukijui, usikionje wala usimpe mtoto achezee. Yako maua ya mwituni yanayolala chini vivi hivi na kuchomoza mvua za kwanza, lile jekundu la duara lenye nyuzi nyingi linalotoa ua kabla ya majani, na lile la kupanda lenye petali za njano na nyekundu zilizopinda kwenda juu. Yote mawili ni mazuri machoni na matunguu yao yana sumu, hasa la pili.

Haya, mwasumini. Najua pale hasara sio majani, ni vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Mwasumini kwa hali ya hewa yetu unatakiwa uwe na majani mwaka mzima, kaskazi utapunguza, utanyong'onyea, lakini kubaki mtupu wiki tatu ndani ya mvua sio tabia yake. Chukua ukucha, kwaruza gome la tawi moja karibu na ncha, kama chini ya gome ni kijani na pana unyevu, tawi hai. Kama ni kahawia na pakavu, shuka chini kidogo, kwaruza tena, endelea hivo hivo mpaka upate kijani, hapo ndo mpaka wa uhai, kata juu yake kidogo kwa kisu kikali. Ukifika mpaka kwenye shina bado kahawia, fukua kidogo kwenye shingo ya mizizi utizame kama kuna njia za mchwa au gome limeliwa, na uangalie mizizi, mara nyengine juu kumekufa kote na chini bado kuna nguvu ya kutoa mche mpya.

Sasa kisima. Onja yale maji, kwa ulimi wako kabisa. Visima vingi vya Unguja ukifika mwisho wa kaskazi maji matamu ya chini ya ardhi yanapungua na chumvi ya bahari inasogea, kisima kilichokuwa kizuri mwezi wa Agosti, ikifika Machi kina ladha ya chumvi. Ndoo mbili kila jioni za maji yenye chumvi kidogo, jua linayakausha maji mchana na chumvi inabaki, kesho nyengine juu yake. Matunguu yaliyolala hayavuti kitu kwa hiyo hayakusikia sana, lakini mwasumini ulikuwa macho na ulikuwa unakunywa. Kumbuka majani yake kabla ya kuanguka, je yalianza kuungua kwenye kingo na ncha, kahawia kavu, na katikati bado kijani? Je udongo pale kulikuwa na utandu mweupe pakikauka? Ukisema ndio yote mawili, basi nakisia ni chumvi. Na dawa yake inanyesha yenyewe saa hizi, masika yataisafisha ile chumvi ishuke chini. Kazi yako ni kuhakikisha maji yana pa kupita, tandika makuti au majani makavu bila kugusa shina, na usitie mbolea yoyote ya dukani mpaka uone majani mapya, mana mbolea nayo ni chumvi. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, mkono mmoja mmoja, baada ya majani kutoka.

Kama maji ni matamu na hukuona kuungua, basi tizama mchwa, na tizama maji ya kufulia yanaelekea wapi.

Wakati huo huo omba tawi kwa mwenye asumini mtaani. Kuna njia rahisi ya kulaza, tawi refu likiwa bado kwenye mti wake linainamishwa, sehemu ya katikati inafukiwa na kuwekewa jiwe, masika hii hii linashika mizizi ndo unalikata unahama nalo. Mwasumini wako ukifufuka utakuwa na miwili.

Na mchicha wa jirani? Usinune, wazo lake sio baya, ni mahali tu. Mchicha mwezi mmoja unakula, lakini ukiumwaga juu ya tuta la manjano utakuwa unapalilia na kung'oa pale pale chipukizi zinapotafuta njia. Umwage ukingoni, hatua moja kutoka kwenye tuta, au pale utakapokuwa umetoa yaliyooza ukashaacha pakauka. Kuku tu uwafungie, kuku wakiona udongo uliofukuliwa wanadhani wamealikwa.

Mambo mawili hayataki ushauri wa kuandikiana, yanataka mtu aje aone. La kwanza ni tangawizi: zile chipukizi mbili zikianza kunyauka ghafla zikiwa bado kijani, majani yamejikunja mchana na jioni hayarudi, chimba moja, kata tunguu, tumbukiza kipande kwenye gilasi ya maji safi ukiweke kimya dakika chache. Ikitoka michirizi myeupe kama ya maziwa inashuka ndani ya maji, huo ni mnyauko wa bakteria, unaishi ardhini, na unasafiri kwa matunguu, kwa jembe na kwa udongo wa viatu. Hapo usigawe mbegu kwa mtu yeyote na pale usipande tena tangawizi miaka kadhaa. La pili ni kama uozo unasambaa kila ukichungulia wiki baada ya wiki hata baada ya kusimamisha maji. Kwa yote mawili mwone bwana shamba au bibi shamba wa wilaya yako, sheha wako atakuelekeza wapi anapatikana, au nenda taasisi ya utafiti wa kilimo Kizimbani. Chukua tunguu moja zima na moja bovu, kila moja kwenye karatasi yake, usitie kwenye mfuko wa plastiki mana litaiva njiani na hawataweza kusoma kitu, na udongo kidogo pembeni. Waambie na habari ya kisima na zile ndoo, usione haya.

Ukimpigia mama wa Wete kuomba mbegu nyengine mwambie ayaoshe matunguu udongo wote utoke, ayakaushe kivulini kabla ya kuyatia kwenye kapu la boti, na achague yale manono ya katikati. Pemba mvua zao ni nyingi kuliko zetu, muulize yake yashatoka mangapi mpaka sasa. Kwaruza mwasumini leo kabla jua halijazama, matokeo uniandikie.